Mkate wa Yule wa Kwenye Simu

Mnapokuja kunisalimia hapa nyumbani Raskazone, Tanga, nyie vijana wa chuo, mna tabia moja inayonichekesha. Mnafika mlangoni, mnasema shikamoo Mwalimu, na mkono mmoja uko mgongoni. Naitikia marahaba, nawakaribisha chai, na ule mkono hauji mbele mpaka nigeuke kutafuta vikombe. Hapo ndipo simu inapotumbukia mfukoni. Mnadhani nilipostaafu mimi, na macho yangu nayo yalistaafu.

Kilichomo kwenye hizo simu nakijua. Watu wa lugha wanakiita akili mnemba, nyie mnakiita ei-ai, na mimi tangu siku ya kwanza nakiita Mashine, wala haijawahi kununa. Nimefundisha nayo miaka yangu ya mwisho kazini, nimegombana nayo, nimecheka nayo mpaka mbavu zikauma. Kwa hiyo leo kaeni, wekeni simu mezani tuzione, niwasimulie habari za binti mmoja aliyekaribia kukatishwa chuo kwa kosa la kuwa na adabu. Nikipotea njia mniache nipotee, huwa narudi.

Mimi nilifundisha mbinu za utafiti. Hilo ni somo la kumfundisha mtu kuuliza swali, kwenda kutafuta jibu, na kurudi na jibu alilolikuta badala ya lile alilolitamani. Kwa kusema ni rahisi hivyo. Kwa kutenda, nimekula chumvi nyingi nikiangalia watu wazima wenye akili timamu wakishindwa kurudi na walichokikuta.

Na mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, mimi nikazaliwa kambini, karibu na Muheza, tukabatizwa wote kanisa moja la Katoliki lililokuwa nyuma ya kiwanda. Tabora nimefika mara chache, na kila nikifika wananiambia naongea kama mtu wa pwani. Lakini kwa watu wa pwani mimi ni Mnyamwezi, yaani mtani wao tangu enzi za misafara. Nyie mliokulia mjini mnasikia utani mnafikiri ni vichekesho vya kwenye simu. Utani ni ruhusa. Mtani wako anaweza kukwambia jambo ambalo ndugu yako wa damu hathubutu, anaweza kukunyang'anya kofia kichwani, anaweza kuja msibani kwenu akawachekesha wafiwa, na huna haki ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye umevunja desturi.

Nilipoajiriwa, nikiwa bado mwembamba, niliwekwa ofisi moja na Mwalimu Mbwana, Mdigo, mtu mzima tayari, fundi wa kuandika kuliko wote pale chuoni. Niliandika makala yangu ya kwanza nikampelekea kwa heshima zote. Akasoma ukurasa mmoja, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa.

"Kalunde, hii sentensi ya kwanza umeibeba kichwani toka Tabora?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Naona imefika imechoka. Na mzigo wenyewe umeshadondoka njiani."

Nikamjibu kwamba Mdigo hawezi kujua habari za mwendo mrefu, maana yeye akitoka kitandani akafika mnazi wa kwanza tayari anatafuta pa kupumzika. Tukacheka wote wawili. Halafu akachukua penseli, akaikata ile sentensi vipande vitatu, na kweli mzigo ukaonekana ulipodondokea. Miaka yote tuliyokaa ofisi moja sijawahi kutoa maandishi nje kabla hajayatania, na yeye hakuwahi kutoa yake kabla sijamwambia yananuka usingizi. Siku alipofariki nilikwenda msibani mapema, nikawaambia vijana waliokuwa wanabeba majembe wachimbe kaburi fupi, maana marehemu alichukia kitu chochote kirefu. Mjane wake ndiye aliyecheka wa kwanza, akiwa na machozi yake. Nampenda yule mzee mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa msidhani uvivu wa wanafunzi ulianza na Mashine. Kabla yake kulikuwa na kabati la ripoti za zamani, watu wananakili humo. Binti mmoja aliandika juu ya wakulima wa machungwa wa Muheza, kazi safi, na katikati ya sura ya tatu wale wakulima wakaanza kuvua sangara wa Ziwa Victoria. Nikamwita, nikamuuliza sangara wamefikaje Muheza. Akafikiri, akasema labda kwa lori. Baadaye zikaja kafe za intaneti, watu wakawa wanabandika maandishi ya watu wa Marekani na kusahau kubadilisha hata rangi ya herufi. Kwa hiyo Mashine ilipoingia sikushtuka sana. Nilichoshtukia ni kwamba sasa kila mtu aliandika vizuri, na wote waliandika vizuri kwa namna moja. Nilikuwa nasoma kazi ya kumi nikitafuta mtu ndani yake, simwoni.

Mara ya kwanza niliikamata kwa safari ya msitu wa Amani. Kila mwaka nilipeleka darasa msituni kule, tunakaa karibu na kituo cha utafiti, tunazunguka, tunaongea na wakulima wa iliki na mdalasini, kisha kila mtu anaandika alichokiona kwa macho yake. Alikuwepo kijana anaitwa Godlisten, Mshambaa wa Lushoto, mtoto wa mkulima wa kabichi, mcheshi, ila mvua ikimwona tu analala. Siku ile mvua ilinyesha. Tuliporudi Tanga akaleta kazi ndefu na nzuri kuliko zote, nikamwomba aisome kwa sauti darasani. Akasoma kwa madaha mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba kundi la tembo lilishuka taratibu kuelekea mtoni.

Darasa zima likageuka kumtazama. Amani ina mbega, ina vinyonga, ina vipepeo wa kukufanya usahau njia. Tembo hakuna.

"Godlisten," nikasema, "hao tembo walishukia wapi?"

"Mwalimu, nyie mlikuwa mmeshatangulia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu mwenzangu angempa sifuri, na asingekosea, ila mimi nilitaka nijue huyo aliyemwandikia ni mtu wa namna gani. Nikamwambia afungue simu pale pale, aiulize Mashine imewajuaje tembo wa Amani. Ikaomba radhi, ikasema ni kweli, pale hapana tembo. Nikamwambia sasa iambie wewe uliwaona kwa macho yako. Akaandika. Ikajibu kwamba inawezekana kabisa, huenda lilikuwa kundi lililokuwa likihama, na ikampongeza kwa bahati aliyoipata.

Darasa likaangua kicheko. Godlisten mwenyewe hakucheka. Aliifunika ile simu mezani, akasema neno ambalo mimi na elimu yangu sikuwa nimelifikia.

"Mwalimu, hii kitu haina mtani."

Basi kuanzia hapo nikajua la kufanya. Nikaanzisha kipindi cha utani. Kila mwanafunzi nilimpa mtani wake: Mzigua na Mnyamwezi, Mshambaa na Mzigua, na kwa wale ambao babu zao hawakutaniana nikawatengenezea utani mpya wa mtaa kwa mtaa. Kazi haiji kwangu kabla mtani hajaisoma na kuichana. Ukitaka kuuliza Mashine, uliza, lakini kwanza uandike kwa mkono wako wewe unafikiri nini, hata kama ni mistari miwili mibaya, maana ukianza na maneno yake hutayaona tena ya kwako. Ikishakujibu, jibu linaletwa kwa mtani, simu inabaki kwenye mkoba, na wewe unalieleza kwa mdomo wako. Pale utakapoanza kusema "yaani, kama vile, unajua", mtani anakudaka. Tunatania kazi ya mtu. Sura ya mtu na nyumba ya mama yake hatugusi.

Ubaoni tulikuwa tunaandika jibu la Mashine lenyewe na kulitania pia. Wakati mmoja nikaona tusiionee, nikaiandikia kwamba mimi ni Mnyamwezi, nayo ijifanye Mdigo, initanie bila huruma. Ikaniletea aya nzima kwamba makabila yote ya Tanzania yana mchango mkubwa na yanastahili kuheshimiwa, kisha ikaniuliza kama ningependa orodha ya vyakula vya Tabora. Nilimkumbuka Mwalimu Mbwana, nikacheka peke yangu mbele ya darasa mpaka wakaniletea maji. Huenda hizo mlizonazo nyie leo zimechangamka. Zijaribuni, mniambie.

Kumbe nilikuwa nawaambia habari za binti.

Mwanaidi ni Mzigua wa Pangani, mpole, mwenye sauti ya kukulazimisha usogee karibu. Mama yake anapika mikate na maandazi ya kuwauzia watu wa asubuhi. Alisomeshwa na mjomba ambaye naye alikuwa na watoto waliokuwa wanangojea zamu yao. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa ripoti ya mwisho, na kwa kuwa yeye Mzigua na mimi Mnyamwezi, nilikuwa mtani wake pia. Darasani mtani wake alikuwa Godlisten wa tembo.

Alitaka kuchunguza kwa nini watoto wanaoishi ng'ambo, upande wa Bweni, wanachelewa shule mjini Pangani. Kila mtu alikuwa na jibu tayari: kivuko. Mwanaidi akaiomba Mashine imtungie maswali ya kuwauliza watoto, ikamtungia maswali yaliyonyooka, moja likiwa hivi: unakabiliwa na changamoto zipi za usafiri katika safari yako ya kielimu? Akaenda nayo. Akarudi na karatasi zimejaa neno moja, kivuko, kivuko, kivuko.

Nikamwambia, "Mzigua, hawa watoto umewauliza au umewasomea hotuba?"

Akazipangapanga karatasi zake.

"Mtoto wa darasa la nne unamwambia safari ya kielimu. Amekujibu kivuko ili umwache akacheze. Rudi."

"Mwalimu, nimeshavuka na kurudi siku nyingi."

"Vuka tena. Ukienda, hizo karatasi ziache kwa mama."

Aliondoka analia, nami nilijua analia, nikamwacha aende. Kumsimamia mtu ni pamoja na hilo. Godlisten naye, kama mtani, akamwambia kwamba angalau yeye tembo wake walikuwa na mwendo, kivuko chake Mwanaidi hakiendi kokote.

Safari ile Mwanaidi hakuuliza chochote cha kwenye karatasi. Alisimama na watoto pale kivukoni, akawa anawauliza kitu kimoja cha kawaida, kwa namna tunavyoulizana: leo umevuka na nani? Basi watoto wakafunguka. Leo nimevuka na baba Asha. Leo sikumwona mtu nikangoja mpaka akaja shangazi wa jirani. Jana mama fulani alichelewa, nami nikachelewa. Kumbe kivuko kilikuwa kinaondoka na wao wamesimama ukingoni. Wazazi waliwakataza kupanda bila mtu mzima wanayemjua, na wao, watoto wenye heshima, wanangoja mtu wao. Hakuna mwalimu wa kule aliyekuwa analijua hilo, maana hakuna aliyewauliza.

Aliponisimulia nilipiga meza kwa furaha. Katika kazi yangu hakuna utamu kama huo, kumwona mtu amerudi na alichokikuta. Nikamwambia kaandike.

Akaandika kwa Kiswahili chake kwanza, kizuri, cha kwao. Chuo kinataka Kiingereza. Akaitumia Mashine kumfafanulia makala ngumu alizotakiwa kuzisoma, na kumsaidia kuhamisha sentensi zake kwenda Kiingereza, sentensi moja moja, akilinganisha, akikataa pale ilipoongeza chumvi. Mahali fulani iliweka kwamba watoto wale ni wahanga, akaikatalia, akasema hawa si wahanga, hawa wanangoja tu. Yote hayo alinionyesha, nami nikaridhika.

Kilichotuletea balaa ni ukurasa wa shukrani. Mnaujua, ule wa mwanzo ambao nyie mnauandika wa mwisho mkiwa mmechoka. Mwanaidi aliuandika kwa moyo. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akamshukuru mama yake, na mjomba, na watoto wa ng'ambo, na mtani wake Godlisten. Kisha akaandika, nami naukumbuka mstari kwa kichwa: na akili mnemba ya kwenye simu yangu, iliyonifafanulia makala ngumu na kunisaidia kuhamisha Kiswahili changu, Mungu ailipe kheri. Mwisho kabisa, chini ya Mashine, akamshukuru msimamizi wake.

Mkuu wa idara alikuwa Dokta Singano, Mbondei, mtu wa haki na msimamo, aliyekwisha kuchoshwa na ripoti za kuiba. Akaniita ofisini, ukurasa ule uko mbele yake.

"Mama, mwanafunzi wako amekiri kwa maandishi."

"Amekiri nini, Dokta?"

"Kwamba kaandikiwa na mashine. Tena kaiombea dua."

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema jopo litaamua, na kama ikithibitika, ripoti itakataliwa na binti arudie mwaka. Kwa Mwanaidi kurudia mwaka kulikuwa na maana moja tu, kuacha chuo na kurudi Pangani, maana zamu ya wale watoto wa mjomba ilikuwa imefika. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wenzake karibu wote walikuwa wameitumia Mashine, wengine kwa namna ambazo sitaki hata kuzijua, na kurasa zao za shukrani zilikuwa safi.

Alikuja kwangu macho yamevimba. Godlisten alikuwa naye, akashauri jambo rahisi: ukurasa ufutwe, uchapwe mwingine, ripoti iletwe upya, nani atakumbuka.

"Nikifuta nitakuwa nimedanganya," Mwanaidi akasema. "Sasa hivi sijadanganya."

"Lakini kwa nini uliishukuru, mwanangu?" nikamuuliza. "Ile si mtu."

"Imenisaidia, Mwalimu. Kwetu ukisaidiwa ukanyamaza unaambiwa mtovu wa fadhila. Mie sikujua kama chuoni ni kosa."

Nilimpikia chai, nikamwambia aende jopo na ukurasa wake kama ulivyo.

Siku ya jopo tulikaa katika chumba kile cha ghorofani ambacho madirisha yake yanatazama barabara ya pwani, bajaji zikipita chini. Kwa taratibu za chuo, msimamizi anaruhusiwa kuwepo lakini haruhusiwi kusema. Hebu fikirieni Mnyamwezi amefungwa mdomo. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili kwa hofu ya kwamba nitasema, na kwa hofu ya yule binti. Nilikuwa naogopa kweli.

Dokta Singano akaanza. "Tutajuaje ipi yako na ipi ya mashine?"

Mwanaidi akasimama, akaiweka simu yake mbele ya wajumbe, akarudi mahali pake. "Niulizeni, walimu wangu. Simu hiyo hapo."

Wakamuuliza. Wakamuuliza kuhusu makala alizosoma, akazieleza kwa Kiingereza cha kujikwaa na kwa Kiswahili kisichojikwaa. Wakamuuliza alijuaje kwamba watoto wanangoja watu wao. Akawasimulia alivyorudishwa, akawataja watoto, nani anavuka na nani, nani alimcheka viatu. Mjumbe mmoja alisahau kalamu yake hewani. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye kona.

Lakini Dokta Singano hakuwa amemaliza. "Sawa. Kama mashine inakusaidia hivyo, kwa nini usingeiachia kazi yote? Nani angejua?"

"Naomba nionyeshe, Dokta."

Wakaiunganisha simu na projekta, maneno yakatokea ukutani. Mwanaidi akaiuliza Mashine kwa nini watoto wa ng'ambo wanachelewa shule. Ikasema umaskini na uelewa mdogo wa wazazi. Akaiandikia kwamba imekosea, watoto wanachelewa kwa sababu wanaogelea mtoni kila asubuhi. Ikasema yuko sahihi kabisa, ikamshukuru kwa kuirekebisha, ikaeleza faida na hatari za kuogelea. Akaiandikia tena kwamba hapana, ni kwa sababu shule inaanza kabla ya jua kuchomoza. Ikasema yuko sahihi kabisa.

Wajumbe wakaanza kujikuna pua wakizuia kicheko. Hapo Dokta Singano, ambaye sijawahi kumwona akifanya mzaha, akainama mbele.

"Hebu iambie wanachelewa kwa sababu wanamngoja Dokta Singano awapungie mkono."

Mwanaidi akasita, akanitazama, akaandika. Ukuta ukajibu kwamba hoja hiyo ina uzito, kwani Dokta Singano anaonekana kuwa kielelezo muhimu kwa watoto wa eneo hilo, na kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Chumba kilipasuka. Mjumbe mmoja alilalia meza. Dokta mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, na kwa muda hakuna aliyeweza kuuliza chochote. Mwanaidi akangoja wamalize, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kukufanya usogee.

"Ndiyo maana, Dokta. Hii hainikatalii. Inajua mengi, imenisaidia, nami nimeishukuru. Lakini kazi yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, nayo iliniambia ni nzuri. Mwalimu ndiye aliyeniambia rudi."

Kicheko kikaisha chenyewe. Dokta Singano akavaa miwani, akaufungua ule ukurasa wa shukrani, akausoma tena taratibu.

"Kazi ni yako," akasema. "Ukurasa huu ubaki. Ila ongeza pale nyuma maelezo ya wapi imekusaidia na kwa namna gani, ili atakayesoma ajue." Akageukia mlango uliokuwa wazi nusu, maana wanafunzi wenzake Mwanaidi walijazana ukumbini kusikiliza. "Na nyie wengine, sipokei ripoti hata moja mpaka nione shukrani kama hizi. Mliosaidiwa mseme."

Mngeona msongamano. Ghafla kila mtu alikumbuka amesahau kitu kwenye ripoti yake. Godlisten ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka ngazi.

Mahafali ya mwaka ule yalikuwa yangu ya mwisho nikiwa kazini. Nilivaa joho langu, nikaandamana, nikapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu Mwanaidi alipoitwa. Tulipotoka nje nikamwona anakuja na mama yake, aliyetoka Pangani alfajiri na kapu limefunikwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na mikate ya kumimina, imekatwa vizuri, kila mmoja umefungwa peke yake. Mama yule alikuwa amesomewa ukurasa wa shukrani na binti yake, na kwa akili yake, aliyeshukuriwa kwa maneno hupewa na kitu mkononi. Mjomba akapewa wake. Godlisten akapewa wake, akaanza kuula kabla ya kusema asante. Mimi nikapewa wangu, tukasalimiana, tukakumbatiana. Kapuni ukabaki mmoja.

"Na huyu wa kwenye simu?" mama akauliza, akitazama huku na huku. "Yuko wapi nimpe haki yake?"

Mwanaidi akaona haya. "Mama, yule hali."

"Amefunga?"

"Hana mdomo, mama. Nilikwambia."

Mama akabaki na ule mkate mkononi, hataki kuurudisha kapuni, maana kilichotolewa kimetolewa. Mimi nikakumbuka kwamba mtani haombi, huchukua. Nikanyoosha mkono nikaushika. Naye hakuuachia, akaushikilia upande wake kama watani wafanyavyo, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye Mnyamwezi uliyemrudisha mwanangu ng'ambo analia?"

"Ndiye mimi."

"Na huyu wa simu alikuwa anamwambia kila kitu kizuri?"

"Kila kitu."

Akauachia. "Basi kula na wake," akasema. "Yeye alimsaidia mwanangu. Wewe ulimkatalia."

Niliula pale pale nimesimama, na joho langu, makombo yakidondoka kifuani, nikiwa na furaha kubwa.